Neno na Dhima Yake: Istilahi za Mstari wa Amri katika Programu za Lugha ya C

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inavyochanganua maneno ya mstari wa amri, na kupendekeza istilahi za Kiswahili zitakazowawezesha wafasiri, walimu na watumishi wa umma kulieleza jambo hilo pasipo utata. Huenda baadhi ya wasomaji wakadhani kwamba habari hizi zawahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Kisa kifuatacho kitaonyesha kuwa sivyo.

Katika ofisi moja mjini Tanga, karani alikuwa na mafaili matatu ya orodha za wakulima: moja la Muheza, moja la Korogwe na moja la Pangani. Alitakiwa ayafunge pamoja ili yapelekwe makao makuu. Mezani pake palikuwa na mwongozo uliofasiriwa kutoka Kiingereza, nao ulimwelekeza aandike tar -cf, kisha ataje "hoja zote". Karani akafanya kama alivyoelekezwa:

    tar -cf muheza.txt korogwe.txt pangani.txt

Kompyuta haikulalamika. Siku ya pili, orodha ya Muheza ilipotafutwa, haikuonekana. Faili lenye jina la muheza.txt lilikuwapo, lakini ndani yake mlikuwa na orodha za Korogwe na Pangani zilizofungwa pamoja. Orodha ya Muheza yenyewe ilikuwa imefutika, ikabidi iandikwe upya kutoka katika madaftari. Mwandishi wa makala haya aliitwa atazame kilichotokea.

Karani hakukosea kusoma, wala programu haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa katika istilahi. Neno linalofuata mara baada ya -f ni jina la bunda litakaloundwa. Maneno yaliyosalia ni majina ya mafaili yatakayotiwa ndani ya bunda hilo. Ni mambo mawili yenye kazi mbili tofauti, na mwongozo uliyaita yote kwa jina moja. Karani angewezaje kuyatofautisha?

2. Chimbuko la jambo lenyewe

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 ikatumika kuuandika upya mfumo wa Unix. Katika mfumo huo mtumiaji huandika mstari mmoja wa maneno, kisha huisubiri mashine itende. Mstari huo ndio tunaouita mstari wa amri. Desturi hiyo imerithiwa na mifumo mingi iliyofuata, na hata leo ndiyo njia inayotumiwa zaidi na wale wanaozitunza kompyuta kubwa za ofisi, benki na vyuo.

Kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Basi katika miaka ile ile ambayo wenzetu walikuwa wakiyazoea maneno ya Unix na C, mashine zenyewe hapa zilikuwa chache mno, na haja ya kuyatafutia maneno hayo Kiswahili haikuwapo. Haja ilipokuja, ilikuja kwa mkupuo. Tulijadiliana kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Katika programu za namna hiyo mtumiaji huchagua maneno ambayo tayari yamepangwa mbele ya macho yake. Katika mstari wa amri hapana kilichopangwa. Mtumiaji hutunga mwenyewe. Ndiyo sababu anayemwelekeza hana budi kutumia istilahi zilizo wazi.

3. Neno kabla ya kupewa dhima

Mwalimu yeyote wa Kiswahili wa shule ya sekondari anajua kuchanganua sentensi. Tuchukue sentensi hii: Mwalimu alisahihisha madaftari kwa makini. Kabla ya uchanganuzi tunaona maneno matano yaliyotenganishwa na nafasi. Baada ya uchanganuzi tunaona kiima, kitenzi, shamirisho na chagizo. Maneno hayakuongezeka wala kupungua. Kilichoongezeka ni kujua kila neno lina dhima gani. Neno ni kile kilichoandikwa, na dhima ni kazi kinayoifanya.

Mstari wa amri nao hupitia hatua hizo mbili, na kila hatua ina mtendaji wake. Hatua ya kwanza hufanywa na programu inayoupokea mstari kutoka kwa mtumiaji, ambayo hapa tutaiita mkalimani wa amri. Mkalimani huukata mstari kuwa maneno kwa kufuata nafasi zilizoachwa. Msomaji anajua jinsi nafasi inavyoweza kugeuza maana: wakati si sawa na wa kati. Vivyo hivyo, faili lililopewa jina la orodha ya Pangani.txt litakatwa kuwa maneno matatu, isipokuwa mtumiaji amelifunga jina hilo kwa alama za kunukuu. Mkalimani huziondoa alama hizo na kulipeleka jina zima kama neno moja.

Maneno yakiisha kukatwa hukabidhiwa programu. Katika lugha ya C, programu huanzia mahali paitwapo main, na hapo hupokea vitu viwili. Cha kwanza ni argc, yaani idadi ya maneno. Cha pili ni argv, yaani safu ya maneno yenyewe. Tuseme tuna programu iitwayo marobota, inayosoma mafaili ya uzito wa marobota ya mkonge kutoka mashamba ya Hale na Mlingano. Mtumiaji ameandika:

    marobota -j -d 3L hale.txt mlingano.txt

Programu itapokea argc yenye thamani ya 6, na safu hii:

    argv[0]   marobota
    argv[1]   -j
    argv[2]   -d
    argv[3]   3L
    argv[4]   hale.txt
    argv[5]   mlingano.txt

Hesabu yaanzia sifuri, na jina la programu lenyewe limo katika hesabu. Katika hatua hii yote sita ni maneno matupu. Programu haijui bado kwamba 3L ni daraja la mkonge na hale.txt ni jina la faili.

Hapa ndipo mfasiri anapoponzwa. Kiingereza cha mafundi hulitumia neno moja kwa maana zaidi ya moja: huyaita hivyo maneno yote ya safu hii kabla hayajachanganuliwa, tena huyaita hivyo baadhi yake baada ya kuchanganuliwa. Mfasiri anayeandika hoja kila anapolikuta neno hilo huurithi utata wa lugha asilia na kuuongezea wa kwake, kwa kuwa hoja katika Kiswahili ni jambo linalotolewa katika mjadala ili kuthibitisha au kupinga. Jina la faili halithibitishi wala halipingi kitu.

4. Dhima nne za maneno ya mstari

Kwa maoni yetu, maneno ya mstari wa amri yana dhima nne, nazo zaweza kuelezwa kwa istilahi ambazo tayari tunazifundisha katika sarufi.

(a) Amri. Hili ni neno la kwanza, nalo ni mfano wa kitenzi. Lataja tendo linalotakiwa.

(b) Chaguo. Hili ni neno linaloanza na kistari, kama -j. Haliitaji tendo jingine, bali hubadili namna tendo linavyofanywa, kama chagizo lifanyavyo katika sentensi. Programu yetu ikipewa -j hutoa jumla peke yake. Isipopewa, hutoa uzito wa kila robota na kisha jumla.

(c) Kijalizo cha chaguo. Machaguo mengine hayajitoshelezi. Chaguo -d maana yake ni "marobota ya daraja hili tu". Daraja lipi? Neno 3L ndilo linaloikamilisha maana hiyo. Katika sarufi, kijalizo ni sehemu inayokamilisha kile ambacho bila yake kingebaki pungufu, na hiyo ndiyo kazi ya neno hili.

(d) Kitendwa. Hiki ni kile kinachotendwa na amri, kama madaftari katika sentensi ya mwalimu wetu. Hapa vitendwa ni hale.txt na mlingano.txt.

Mfasiri anayetia shaka juu ya dhima ya neno fulani na alifute, kisha atazame kitakachotokea. Tukifuta -j, amri yasimama na maana yake yaeleweka. Tukifuta mlingano.txt, kazi yapungua lakini haiharibiki. Lakini tukifuta 3L, tutakuwa tumeandika hivi:

    marobota -j -d hale.txt mlingano.txt

Chaguo -d ni lazima lipate kijalizo, basi litalinyakua neno linalofuata, lolote liwalo. Programu itadhani kwamba hale.txt ni daraja la mkonge, na faili la Hale halitasomwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karani wetu: chaguo -f lilikosa kijalizo chake, likalinyakua jina la faili la Muheza.

5. Jinsi programu inavyochanganua

Mwandishi wa programu anaweza kuyapitia maneno ya argv moja baada ya jingine na kuyapima mwenyewe. Zamani kila mmoja alifanya hivyo kwa namna yake, na matokeo yake kila programu ikawa na kanuni zake. Ili kuondoa fujo hiyo, mafundi wa Unix walitunga kitendakazi kiitwacho getopt, na mwaka 1985 kampuni ya AT&T ikakitoa kitumiwe na watu wote. Kitendakazi ni kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake maalumu, kinachoweza kuitwa kila kinapohitajika.

Kitendakazi getopt huhitaji kuambiwa ni machaguo gani yanayoruhusiwa. Huambiwa kwa mfuatano mfupi wa herufi. Kwa programu yetu ni "jd:u:". Kila herufi ni chaguo, na nukta pacha baada ya herufi yaonyesha kwamba chaguo hilo hudai kijalizo. Basi -j halidai, -d hudai daraja, na -u hudai uzito. Kiini cha programu ni hiki:

    while ((c = getopt(argc, argv, "jd:u:")) != -1) {
        switch (c) {
        case 'j': jumla = 1;       break;
        case 'd': daraja = optarg; break;
        case 'u': uzito = optarg;  break;
        default:  matumizi();      return 2;
        }
    }
    for (i = optind; i < argc; i++)
        soma(argv[i]);

Kila getopt inapoitwa huleta chaguo moja. Ikiwa chaguo hilo lina kijalizo, kijalizo huwekwa katika optarg. Machaguo yakiisha, huleta -1, na kitanzi hukoma. Wakati huo optind huonyesha mahali kitendwa cha kwanza kilipo, na mstari wa mwisho wa programu hukisoma kimoja baada ya kingine. Msomaji ataona kwamba dhima zimetengwa waziwazi: c ni chaguo, optarg ni kijalizo, na vilivyobaki kuanzia optind ni vitendwa. Walioitunga getopt walijua kwamba hivi ni vitu vitatu. Kwa nini sisi tuvipe jina moja?

Zipo desturi nyingine ambazo mzungumzaji wa Kiswahili atazielewa upesi. Machaguo ya herufi moja yanaweza kuunganishwa: badala ya -j -d 3L mtu aweza kuandika -jd 3L, au hata -jd3L. Sisi tuliozoea viambishi hatushangazwi na jambo hilo. Anayesikia atakupikia hasubiri nafasi kati ya a, ta na ku. Anajua viambishi vya lugha yake, na anajua kila kimoja kinakaa wapi. Mfuatano "jd:u:" ndio orodha ya viambishi vya programu yetu. Lakini mpangilio una sheria. Mtu akiandika -dj, herufi j haitakuwa chaguo. Itakuwa kijalizo cha -d, na programu itatafuta mkonge wa daraja la "j".

Vistari viwili vikisimama peke yake huashiria kwamba machaguo yamekwisha, na kila kinachofuata ni kitendwa hata kama kinaanza na kistari. Ni alama ya kuokoa pale ambapo faili limepewa jina kama -j.txt. Kadhalika, programu nyingi za GNU hukubali machaguo marefu yanayoanza na vistari viwili, kama --daraja=3L. Uchanganuzi wa GNU pia huruhusu chaguo lije baada ya kitendwa, kama vile sisi tusemavyo jana alikuja au alikuja jana. Kiwango cha POSIX hakitaki hivyo: machaguo yatangulie, vitendwa vifuate. Mwongozo utakaotumiwa na wengi na ufuate desturi ya POSIX, maana mpangilio huo hukubaliwa kote kuwili.

6. Makosa na walinzi wake

Makosa ya mstari wa amri ni ya aina nne, na ni vyema kuyajua kwa kuwa kila moja lahitaji ujumbe wake.

La kwanza ni chaguo lisilojulikana, kwa mfano -x. Kitendakazi getopt hulitambua na kuleta alama ya kuuliza.

La pili ni chaguo lililokosa kijalizo kwa sababu mstari umekwisha, kwa mfano marobota -d. Hili nalo hutambuliwa. Mfuatano wa herufi ukianza na nukta pacha, getopt hunyamaza bila kutoa ujumbe wake wa Kiingereza, na huleta nukta pacha badala ya alama ya kuuliza. Hivyo mwandishi aweza kutoa ujumbe mbalimbali kwa Kiswahili: "Chaguo halijulikani" kwa kosa la kwanza, na "Chaguo limekosa kijalizo" kwa la pili.

La tatu ni kijalizo chenye umbo baya. Kijalizo hufika kama herufi, hata kikiwa ni namba. Robota la mkonge kwa kawaida lina kilo 250. Karani akiandika -u 25O, yaani herufi O badala ya sifuri, kitendakazi atoi kitasoma 25 na kuendelea kimya kimya. Kitendakazi strtol ni bora, kwa sababu huonyesha mahali usomaji ulipokomea, na mwandishi aweza kukataa kilichosalia.

La nne ni kosa la dhima: neno sahihi limewekwa mahali pa neno jingine. Kosa hili getopt haiwezi kulitambua, kwa kuwa kwake jina lolote laweza kuwa kijalizo. Ndilo lililoifuta orodha ya Muheza. Mlinzi anayelitangulia ni mwongozo ulioandikwa vizuri, na mwongozo hauwezi kuandikwa vizuri bila istilahi zinazotenganisha.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga walikabiliwa na kazi kama hii yetu muda mrefu uliopita. Mkonge ulipandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, nao ulikuja na vitu visivyokuwa na majina hapa. Nyuzi zake ziliitwa singa, neno la zamani lenye maana ya nywele laini zilizonyooka, likapewa kazi mpya kwa sababu lilifanana na kitu. Mashine ya kusindika iliitwa korona, kutokana na jina la aina mojawapo ya mashine zilizoletwa na Wajerumani, kwa sababu hapakuwa na neno la kufanana nalo. Njia zote mbili ni halali. Neno la kwetu litumike pale linapokieleza kitu. La kukopa likubaliwe pale la kwetu linapokipotosha.

Kwa kufuata kanuni hiyo tunapendekeza:

Mstari wa amri: maneno yote anayoyaandika mtumiaji mpaka mwisho wa mstari.
Mkalimani wa amri: programu inayoukata mstari kuwa maneno.
Neno: kipande chochote cha mstari kabla hakijapewa dhima.
Amri: neno linalotaja tendo.
Chaguo (wingi: machaguo): neno linalobadili namna ya kutenda.
Kijalizo cha chaguo: neno linalokamilisha maana ya chaguo.
Kitendwa: kitu kinachotendwa na amri.
Kuchanganua: kuyapa maneno dhima zake.

Neno hoja tungependa liachiwe wanaojadiliana. Kigezo nalo libaki na maana yake ya kipimo au mfano wa kufuatwa.

8. Ushauri kwa wafasiri

Herufi za machaguo zisifasiriwe. Mtu akibadili -f kuwa herufi nyingine ndani ya mwongozo, programu haitamwelewa msomaji wake. Yanayofasiriwa ni maneno yanayoshika nafasi ya vijalizo na vitendwa. Mabano ya mraba yaonyesha kinachoweza kuachwa, na nukta tatu zaonyesha kinachoweza kurudiwa. Kwa mfano:

    marobota [-j] [-d daraja] [-u uzito] faili ...

Lakini anayeandika programu mpya kwa ajili ya watumiaji wa Kiswahili ana uhuru wa kuchagua herufi za Kiswahili tangu mwanzo, kama tulivyofanya hapa: j kwa jumla, d kwa daraja, u kwa uzito.

Mwongozo wa yule karani ungaliandikwa hivi, orodha ya Muheza ingalikuwapo hata leo:

    tar -cf bunda faili ...

Chaguo -f hudai kijalizo, nacho ni jina la bunda jipya. Baada yake taja vitendwa, yaani mafaili yatakayofungwa. Angalizo: ikiwa tayari lipo faili lenye jina ulilolipa bunda, litafutwa.

Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa walimu na makarani wanaozitumia programu hizi kila siku, wanaombwa walete maoni yao ili yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.